Baba mkubwa alifia Uganda 1979, kaburi hatulijui. Tumkumbukeje?

MjukuuWaRungwe:
Habari zenu wakuu. Mimi kwetu Tukuyu ila saivi naishi Mbeya mjini. Bibi yetu alifariki mwaka jana, juzi ndo tumefungua sanduku lake la bati tukakuta vitu vya baba mkubwa, kaka yake baba, aliyeenda vita ya Kagera akiwa mgambo mwisho wa 1978 na hakurudi. Kuna picha moja kavaa magwanda na barua aliyoandika Masaka mwanzoni mwa Machi 1979, anasema mvua ya huko ni kama ya kwetu Rungwe halafu anamuuliza bibi kama yule ndama amepona. Basi, hakuna barua nyingine. Baba alikuwa na miaka 8, anakumbuka tu siku walipokuja watu wa serikali, bibi akakaa chini migombani hakuongea mpaka giza likaingia. Maiti haikuletwa. Na miaka yote mpaka uzee ule bibi akisikia gari limesimama barabarani lazima atoke nje kuangalia.
Tunataka tarehe 25 Julai, siku ya mashujaa, ukoo mzima tukae tumkumbuke. Tunaweza kujua amezikwa wapi? Na nyie ambao hamna kaburi mlifanyaje?

MstaafuMbalizi:
Pole sana mwanangu. Mimi nilikuwemo kwenye vita ile. Barua hiyo itunze kama hati ya shamba. Masaka tuliichukua 24 Februari, na ukitoka pale kuelekea Kampala unapita Lukaya, barabara imekatiza kwenye kinamasi, huku matope na huku matope. Tarehe 10 Machi brigedi ya 201 ilikutana pale na majeshi ya Amin pamoja na Walibya, na brigedi ile wengi walikuwa mgambo, vijana waliotoka shambani miezi michache tu nyuma hawajawahi kusikia mzinga, usiku ule ulikuwa mbaya sana. Kesho yake brigedi ya 208 ikazunguka ikawapiga ubavuni ndipo mambo yakageuka, na Kampala ikaanguka 11 Aprili. Sasa sisemi alifia Lukaya, sina ushahidi na wewe usiandike hivyo kwenye jiwe. Anza na mshauri wa mgambo wa wilaya yenu, nenda na picha, barua, jina lake kamili na kijiji alichoandikishwa. Angalia na nyuma ya picha, wengi tuliandika namba zetu huko.
Jambo moja linaniuma mpaka leo, watu wanasema "alikuwa mgambo tu". Hakuna "tu" hapo. Risasi haikuuliza.

WaMuleba:
Makaburi ya askari wetu wa vita ile yako Kaboya, huku wilayani Muleba. Nimewahi kufika, yako kwa safu ndefu, na ukisoma majina unaona watu wa kila kona ya nchi. Ni eneo la jeshi kwahiyo ombeni ruhusa kabla hamjapanda basi, maana kutoka Mbeya si mchezo.
Bibi yangu alikuwa anakaa ng'ambo ya Kyaka, Amin alipoingia Oktoba 1978 walikimbia usiku, aliporudi ng'ombe hakuna, hata bati la nyumba limeng'olewa. Kijana wa Tukuyu ambaye hajawahi kumuona bibi yangu alikuja kufa ili arudi kwenye migomba yake. Mkija nitafuteni, mtalala kwetu, mtakula kwetu.

BintiKalenga:
Kamwene. Poleni sana familia. Mi naongea kuhusu hiyo siku yenyewe. Mwaka 2017 wale vijana wetu, wanajeshi wa kulinda amani, walipouawa Semuliki kule Kongo, tarehe 7 Desemba, walitajwa kwa idadi, 14, 14, kila redio, na mimi nilikuwa najiuliza huyu alikuwa anachekaje, yule alikuwa anapenda nini. Kwahiyo msimwelezee kifo tu, kifo chake hakuna hata mmoja wenu aliyekiona. Wazee waliocheza naye bado wapo? Wakalisheni hata kesho mrekodi kwenye simu, msisubiri Julai, wazee hawasubiri.

MjukuuWaRungwe:
Mzee wangu wa Mbalizi shikamoo, nyuma ya picha kuna namba kweli, imefifia ila inasomeka! Jumatatu naenda nayo wilayani. WaMuleba sijui niseme nini kaka, ndaga fijo, nimemsomea baba ulichoandika akaenda kukaa nje peke yake.
Dada wa Kalenga jana nimempigia shangazi, ana miaka 71, ye ndo anamfuatia baba mkubwa. Kaongea saa nzima. Kumbe mvua zikizidi alikuwa anambeba mgongoni kuvuka mto akienda shule, kumbe ile mibuni ya nyuma ya nyumba ambayo tumeichuma miaka yote aliipanda yeye. Alipenda mbalaga ya bibi, anakula mpaka anakwangua sufuria. Nikamuuliza na yule ndama je. Akanyamaza kidogo akasema alipona, bibi alimjibu kwenye barua, ila hawakuwahi kujua kama ilimfikia.