Naomba ushauri: tuinunue nyumba ya safu tunayopanga Cobridge, au tuhame?

BintiPangani ameandika:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kuhusu jambo ambalo mimi na mume wangu tumelijadili tangu baridi ianze bila kufikia uamuzi. Tunaishi Cobridge, sehemu ya jiji la Stoke-on-Trent iliyo kati ya Hanley na Burslem, katika nyumba ya kupanga iliyomo kwenye safu ndefu ya nyumba zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya vyombo vya udongo. Kwa ambao hawajaishi katika nyumba za aina hii, mlango wa mbele unafunguka moja kwa moja kwenye njia ya waendao kwa miguu, bila baraza wala bustani. Chini kuna sebule na chumba cha kulia chakula, jiko na bafu vimeongezwa kwa nyuma, juu kuna vyumba viwili, na nyuma kabisa kuna ua mdogo wenye mlango wa kutokea kichochoroni, ambako hukaa mapipa ya taka pamoja na magodoro ambayo hakuna jirani anayekiri kuwa ni yake.

Mwenye nyumba ametuarifu kwamba anataka kuiuza, na ametupa nafasi ya kwanza kwa bei iliyo chini kidogo ya pauni 90,000. Kwa mishahara yetu, mimi nikiwa mtunza wazee wa zamu za usiku na mume wangu akiwa mfanyakazi wa ghala, hatuoni mahali pengine Uingereza ambapo tungeweza kupata nyumba yetu wenyewe kwa fedha hizo. Akiba ya malipo ya awali tunayo, na vibali vyetu vya ukaazi ni vya kudumu.

Tatizo la kwanza ni unyevu. Ukuta wa nje wa chumba cha nyuma cha juu, anacholala mwanetu, hutoa kuvu nyeusi kila majira ya baridi, na mtoto hukohoa mpaka masika. Mwenye nyumba humleta fundi wa kupaka rangi, ukuta unapendeza kwa wiki kadhaa, kisha kuvu hurudi palepale. Tulipolalamika alituambia kwamba sababu ni upishi wetu na nguo tunazoanika ndani, maneno ambayo yaliniudhi, ingawa ni kweli kwamba mvua za huku hazituachii nafasi ya kuanika uani.

Tatizo la pili ni mtaa wenyewe. Kuna nyumba mbili zilizozibwa madirisha kwa mbao, na nyumba iliyoungana nasi upande wa kushoto imegawanywa vyumba vinavyopangishwa kwa watu wasiohusiana, ambao hubadilika mara kwa mara na wakati mwingine hugombana usiku. Kwa upande mwingine, watoto wanakwenda shule kwa miguu, basi la kunipeleka kazini linapita karibu, na jirani wa kulia, mama mzee mwenye asili ya Pakistani, amekuwa kama shangazi wa watoto wangu. Ndugu zetu walionunua pembezoni mwa jiji, kwenye nyumba mpya, wanasema tunataka kuzika fedha zetu katika mtaa uliokwisha kufa. Naomba maoni ya wenye uzoefu.

Mwashi_Leeds amejibu:

Dada BintiPangani, pole kwa kikohozi cha mtoto. Mimi ni fundi uashi, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukarabati nyumba kama hiyo. Nikushauri mapema kwamba swali la mtaa na swali la ukuta uyatenganishe, kwa sababu watu wengi hutazama mtaa duni wakadhani kwamba na nyumba imeoza, kumbe mara nyingi nyumba hizo ni imara na kinachoziharibu ni matengenezo mabaya ya miaka ya karibuni.

Ukuta wa nyumba za wakati huo kwa kawaida ni wa tofali zima, unene wa kama sentimita 23, usio na uwazi katikati kama ulivyo ukuta wa nyumba za baadaye. Ulikusudiwa ulowe kidogo wakati wa mvua na ukauke wenyewe kupitia chokaa iliyo kwenye viungo vya matofali, huku moto wa makaa na dohani vikivuta hewa ndani ya nyumba. Sisi tuliokulia Unguja tunalijua jambo hili, kwa kuwa nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mwenye nyumba akizipiga lipu ya saruji, maji hubaki ndani ya ukuta na lipu huanza kubanduka. Huku Uingereza mafundi walifanya kosa lilelile: walijaza viungo kwa saruji, wakaziba dohani, wakaweka madirisha ya plastiki yasiyopitisha hewa, kisha wakamlaumu mpangaji.

Unyevu wa nyumba hizi huwa na chanzo kimoja kati ya vitatu, au vyote kwa pamoja. Cha kwanza ni maji yanayopanda kutoka ardhini, lakini kwa kuwa unyevu wenu uko chumba cha juu, hicho tukiondoe, maana maji hayo kwa kawaida hayavuki mita moja hivi kutoka sakafu ya chini. Cha pili ni maji ya mvua, kwa hiyo toka uani mvua ikinyesha sana, utazame gata na bomba lake la kuteremshia maji: ukiona ukuta una mchirizi wa kijani, au maji yanafurika kwenye kiungo cha gata, basi umeshampata adui yako, na huenda dawa yake isizidi gharama ya fundi wa siku moja. Mtu mwenye ngazi aangalie pia vigae vya paa na bamba la madini ya risasi lililozungushiwa dohani. Chanzo cha tatu ni mvuke wa ndani unaogeuka maji ukigusa ukuta baridi. Huo hujidhihirisha kwa kuvu nyeusi iliyotawanyika kwenye pembe na nyuma ya kabati, wakati maji ya mvua huacha baka lenye mpaka unaoonekana. Kama ni mvuke, mwenye nyumba ana sehemu ya ukweli, lakini sehemu tu, kwa sababu nyumba ambayo familia haiwezi kupika wala kufua ndani yake ina kasoro ya joto na hewa.

Msimwite mtu wa kampuni inayotangaza ukaguzi wa bure wa unyevu, kwa kuwa anauza dawa ya kudungwa ukutani na kila ukuta atauona mgonjwa. Mlipeni mkaguzi huru wa majengo awaandikie ripoti ya kiwango cha tatu, ambayo ndiyo ya kina zaidi kwa nyumba za zamani. Na kwa kuwa Stoke ilichimbwa makaa ya mawe na udongo wa mfinyanzi kila upande, wakili wenu aombe ripoti ya migodi ya eneo hilo kabla hamjatia saini chochote.

Mzee_wa_Kigamboni amejibu:

Mwanangu, mimi nitasema upande ambao haupendezi. Historia ya Cobridge iangalieni vizuri. Mwaka 2002 serikali ilianzisha mpango wa kufufua soko la nyumba katika miji ya kaskazini na kati ya Uingereza, na katika mitaa mingi kufufua kulikuwa na maana ya kuwahamisha watu ili safu zibomolewe. Mpango ukakatizwa mwaka 2011, fedha zikaisha, mitaa mingine ikabaki nusu tupu. Ndiyo maana mwaka 2013 halmashauri ya Stoke iliuza nyumba 33 za huko Cobridge kwa pauni 1 kila moja, pamoja na mkopo wa pauni 30,000 wa kuzikarabati. Waliozichukua walipata makazi, siwabezi, lakini jiulizeni ni mtaa wa namna gani ambao nyumba zake hufikia kuuzwa kwa bei ya soda. Kununua kwa bei ndogo ni rahisi; siku mtakayotaka kuuza ndipo mtakapojua. Kama mnakusudia kuhama baada ya miaka mitatu, msinunue. Kama mnakusudia kulea watoto hapo mpaka wamalize shule, hoja yangu inapungua nguvu sana, nakiri.

Kaka_Burnley amejibu:

Shemeji, sisi tulinunua nyumba ya safu hapa Burnley na hatujajuta, ila kelele za jirani hupita ukutani, na hakuna mkopo unaoweza kukununulia jirani mwingine. Nyumba hiyo ya kushoto iliyogawanywa vyumba ndiyo ningeichunguza kwanza, kabla hata ya kuvu.

Msaada_wa_Wapangaji amejibu:

Dada, naongezea upande wa sheria, kwa kuwa nafasi yako ya sasa kama mpangaji ina nguvu ambazo utazipoteza siku utakapokuwa mwenye nyumba.

Sheria ya mwaka 2018 kuhusu nyumba kufaa kwa makazi ya binadamu, iliyoanza kutumika Machi 2019, inamlazimu mwenye nyumba wa Uingereza kuhakikisha kwamba nyumba haina unyevu wa kudhuru afya, na mpangaji anaweza kumpeleka mahakamani. Vilevile, chini ya Sheria ya Nyumba ya 2004, idara ya afya ya mazingira ya halmashauri inaweza kuja kukagua, na ikikuta hatari ya daraja la kwanza, yaani kubwa kabisa, ina wajibu wa kuchukua hatua. Hoja ya kwamba kuvu inatokana na upishi isikutishe. Mtoto Awaab Ishak, aliyekuwa na umri wa miaka miwili, alifariki Rochdale Desemba 2020 kwa sababu ya kuvu katika nyumba waliyopanga wazazi wake, baada ya malalamiko yao kuchukuliwa kuwa ni suala la namna wanavyoishi. Sheria yenye jina lake ilianza tarehe 27 Oktoba 2025, lakini kwa sasa inazibana nyumba za kijamii tu, yaani zinazopangishwa na halmashauri na mashirika ya makazi, haijafika kwa wenye nyumba binafsi kama wako.

Hofu ya kufukuzwa kwa kulalamika nayo imepungua, kwa kuwa Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 inaondoa, kuanzia tarehe 1 Mei 2026, utaratibu wa kumtoa mpangaji bila sababu. Anayetaka kuuza bado anaweza kuomba nyumba yake, ila baada ya mwaka wa kwanza wa upangaji na kwa taarifa ya miezi minne.

Kuhusu jirani wa kushoto, nyumba yenye watu watano au zaidi wanaotoka familia mbili au zaidi lazima iwe na leseni, na halmashauri ina daftari la leseni hizo ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kulisoma. Ikiwa haimo, toeni taarifa.

BintiPangani amejibu:

Nawashukuru nyote, na Mzee shikamoo. Hatukusudii kuhama kabla watoto hawajamaliza shule, kwa hiyo hoja yako nimeipima kwa kipimo ulichonipa mwenyewe. Mvua ilinyesha jana usiku, mume wangu akatoka na tochi, akaona maji yanamwagika kutoka kwenye kiungo cha gata juu kabisa ya chumba cha mtoto, na viungo vya matofali vya ukuta huo vimejazwa saruji ngumu ya kijivu. Je, nimdai mwenye nyumba arekebishe kabla ya mauzo, au nipunguziwe bei nirekebishe mwenyewe?

Mwashi_Leeds amejibu:

Gata mdai airekebishe wiki hii, kwa maandishi na picha, kwa sababu bado wewe ni mpangaji wake na mtoto analala hapo leo. Ukuta omba upunguziwe bei kwa kutumia ripoti ya mkaguzi, kwa kuwa akiufanya yeye atarudishia saruji. Ukishanunua, usikimbilie kupiga lipu. Saruji iondolewe taratibu kwa patasi, viungo vijazwe chokaa kuanzia mwezi wa tano wakati hakuna jalidi, na ukuta uachwe ukauke kiangazi chote kabla ya kupakwa rangi. Kwa sasa mhamishie mtoto chumba cha mbele.

Kaka_Burnley amejibu:

Na lile daftari la leseni, shemeji, ulisome kabla hujamlipa mkaguzi.