Mamma Andersson anaachaje mbao ionekane bila mbao kunywa rangi?

Fundi_Brashi: Wakuu, niko Stockholm mwaka wa nne. Mchana nafanya usafi maofisini, usiku nachora jikoni. Juzi nilisimama mbele ya mchoro wa Karin Mamma Andersson, yule mchoraji wa Uswidi, hadi mlinzi akaanza kunikodolea macho. Kuna sehemu kapaka rangi nyepesi kama chai ya rangi, mistari ya mbao yote unaiona. Hapo hapo pembeni imelala nene kama ugali, halafu katikati ya sebule kuna doa jeusi, kama shimo. Nimejaribu kwenye plaiwudi: rangi imenywewa yote, limebaki vumbi. Anafanyaje?

MzeeWaMsasa: Ulipaka mbao kavu, sivyo? Piga msasa, kisha paka mkono mmoja au miwili ya akriliki (ile ya maji) isiyo na rangi. Mbao inabaki inaonekana, ila haina kiu tena. Andersson hutumia akriliki na rangi ya mafuta kwenye mchoro mmoja. Ukimwiga, akriliki itangulie, mafuta yaje juu. Ukigeuza, itabanduka. Hata wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay hupaka usuli kwanza, wakasubiri ukauke ndipo mnyama aingie. Wewe una haraka.

Dada_Turubai: Mnaongelea mbao tu. Kazi yake huanza kabla ya brashi, kwenye picha: vitabu vya zamani, magazeti, majukwaa ya tamthilia. Anaokota chumba huku, msitu kule, anaviunganisha. Ndiyo maana ukuta unaishia kwenye theluji. Kazaliwa Luleå, kaskazini huko, 1962, basi ile misonobari hajaisoma kitabuni. Na hilo "Mamma" ni mama kweli: chuoni kulikuwa na Karin Andersson mwingine, na huyu alikuwa na mtoto.

Fundi_Brashi: Dada, hiyo ya jina imenichekesha. Kumbe ni Mama Andersson tu, kama Mama Asha wa mtaani kwetu.
Mzee, nimerudia ulivyosema. Siku tatu, mikono miwili, msasa katikati. Rangi imekaa! Ila upande mmoja mafuta yanateleza, hayashiki kabisa.

MzeeWaMsasa: Hapo pana grisi. Mbao uliitoa wapi?

Fundi_Brashi: Plaiwudi iliisha. Mke wangu naye tangu asubuhi anautafuta ubao wa kukatia vitunguu.