Mitingi za kuacha pombe Nairobi: AA ya town, grupu ya kanisa ama Zoom?

Kayole_M
Habarini wandugu. Leo ni siku ya 19 sijaonja. Nilianza na keg za wikendi tu, ikafika mahali robo naificha nyuma ya tangi la maji bibi asione na asubuhi siwezi kushika kikombe cha chai kwa mkono mmoja. Sasa nataka kukaa na watu wenye wamepitia hii kitu. Nimeonyeshwa tatu, AA (Alcoholics Anonymous, grupu ya walevi wanaosaidiana kuacha pombe) ya town jioni, grupu ya kanisa letu hapa mtaani Jumamosi asubuhi, na AA ya Zoom. Natoka job Industrial Area saa kumi na moja na nusu na pesa ya kuchezea sina. Mwenye amejaribu zaidi ya moja aniambie tofauti.

Mwenda_pole
Hongera sana ndugu kwa hizo 19. Mimi nimepita zote tatu na AA ndio ilinishika, miaka minne sasa. Hakuna kiingilio wala kadi, kitu wanataka kwako ni nia ya kuacha pombe. Kikapu kinapitishwa, uko na hamsini weka, huna pitisha tu. Siku ya kwanza nilikaa karibu na mlango nikijua nitatoroka. Mzee mmoja wa suti akasimama akataja jina lake la kwanza, akasema yeye ni mlevi na alikuwa anaficha chupa ndani ya gambuti ya shamba. Nikaganda, juu chupa yangu mimi ilikuwa ndani ya kiatu cha shule cha mtoto. Hakuna mtu alikuwa amenishauri kitu bado na machozi yalikuwa yameshatoka. Uliza tu kama mitingi ni ya wazi ama imefungwa, ya wazi hata bibi anaweza kuja, iliyofungwa ni sisi wenye shida ya pombe. Kizungu kilikuwa kingi lakini nilipoongea Kiswahili hakuna mtu alinishangaa.

Shiru_Umoja
Mimi town ilinishinda na si watu, ni njia. Mitingi inaisha saa mbili usiku, kufika stage unapita baa tatu, mvua ikinyesha nauli imepanda na unasimama hapo nusu saa ukiskia muziki na harufu ya nyama. Nilianguka mara mbili nikitoka mitingi. Grupu ya kanisa natembea dakika kumi. Ubaya wake ni kwamba kila mtu anamjua mama yangu. Kuna kitu nilisema Jumamosi na Jumapili nikakiskia kwa maombi, jina halikutajwa lakini watu waligeuka kuniangalia. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu. Baadaye tukaweka sheria, ya ndani ni ya ndani. Uliza kama ya kwenu iko na hiyo sheria kabla hujafungua mdomo.

Soja_wa_Usiku
Zoom imenisaidia juu nafanya kazi usiku, kuna mitingi za nchi zingine saa zote na bando kidogo inatosha. Lakini nitasema ukweli, nimewahi kukaa kwa mitingi kamera imezimwa na glasi iko mkononi. Kwa chumba chenye watu singeweza. Ukienda Zoom washa kamera.

Nesi_wa_Mtaa
Kayole_M umeshapita zile siku mbaya, lakini kuna mwenye anasoma hii akiwa bado anakunywa kila siku tangu asubuhi. Tafadhali usiache ghafla ukiwa peke yako kwa nyumba. Degedege huja sana kwa masaa 48 ya kwanza, na siku ya pili ya tatu mtu anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu havipo, na hiyo inaua. Enda hospitali kwanza uangaliwe na upewe dawa, Mathari wanashughulikia mambo haya. NACADA, wale wa serikali wa mambo ya pombe na madawa ya kulevya, wako na laini ya bure, 1192, piga uulize mahali pa karibu na wewe. Mitingi itakungoja.

Mama_Brayo
Na bibi asiachwe nyuma. Al-Anon ni ya familia za walevi, ilianza 1951 huko Marekani. Mimi nilienda mzee wangu akiwa bado anakunywa, ndio nikaanza kulala usiku.

Mwenda_pole
Kayole_M, ulikuwa unakunywa saa ngapi?

Kayole_M
Saa kumi na mbili mpaka saa tatu. Nikishuka gari tu, wines iko hapo hapo stage.

Mwenda_pole
Basi hiyo ndio saa unataka kuwa kwa mitingi. Grupu ya Jumamosi asubuhi ni nzuri lakini Jumatano saa moja jioni itakupata uko pekee yako. Enda AA siku za wiki hata kama ni mbili, kanisa Jumamosi, Zoom ile siku mvua imekataa. Shiru ako right kuhusu njia. Ukifika uliza nani anarudi upande wa Jogoo Road muende pamoja.

Shiru_Umoja
Hapo sawa, mimi sikuwa na mtu wa kurudi naye. Na shuka stage moja kabla ya yenu, utembee.

Kayole_M
Asanteni, hamjui mmenifanyia nini. Nimeongea na bibi. Jumatano naenda town, na saa mbili nikitoka atanipigia, tutaongea mpaka gari ijae.