Mume anataka niuze hatifungani ya miaka 20 tununue bajaji. Naombeni ushauri

Bint Sengerema:
Wakuu, habari za jioni. Humu nimejifunza mengi tangu nianze kununua vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ndiyo maana hili nimelileta kwenu kabla sijalipeleka kwa ndugu. Ndugu wakishaingia hakuna tena hesabu, ni kuchagua upande.

Mwaka 2021 tuliuza shamba la marehemu baba kule Sengerema tukagawana. Fungu langu nililiweka kwenye hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani niliikopesha serikali milioni 10 kwa kuponi (riba) ya asilimia 15.49 kwa mwaka. Kila miezi 6 inaingia 774,500 na haijawahi kuchelewa. Hiyo ndiyo ada ya wanangu wawili, Januari na Julai. Mbali na hiyo nina kama milioni 3 kwenye mfuko wa Ukwasi wa hao UTT, za dharura. Mimi ni muuguzi. Mshahara unatosha chakula, kodi ya nyumba na nauli, baada ya hapo hakuna kitu.

Mume wangu alikuwa dereva wa fuso kwenye kampuni moja ya usafirishaji hapa Mwanza, miaka 9. Kampuni imepunguza watu, naye akapewa barua. Hii ni wiki ya tatu yuko nyumbani. Si mtu wa kukaa. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kama zamani, anavaa, halafu hana pa kwenda.

Sasa anataka niuze hatifungani tununue bajaji mpya. Hoja yake ni kwamba hesabu ya bajaji, ile fedha ambayo dereva anamletea mwenye chombo, ni 20,000 kwa siku, kwa mwezi inapita nusu milioni, wakati hatifungani ukiigawanya kwa mwezi haifiki hata 130,000. Kwenye karatasi namba zake ni sahihi. Juzi akaniambia, "Wewe unaiamini serikali kuliko mimi." Limeniuma na nilikosa jibu. Sitaki ajione hana thamani ndani ya nyumba yake, na sitaki watoto warudishwe nyumbani kwa ajili ya ada. Naomba mawazo, hasa ya waliomiliki bajaji na waliowahi kuuza hatifungani kabla ya muda.

Kuponi Mkononi:
Dada pole, na hongera kwa kuitunza mirathi ya mzee.

Kuuza inawezekana, huna haja ya kungoja 2041. Unakwenda kwa dalali aliyesajiliwa wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, au kwenye benki yako kama inashughulikia hatifungani, unajaza fomu, inaingia sokoni, akipatikana mnunuzi unalipwa. Na si lazima uuze zote, unaweza kuuza sehemu.

Wengi wanadhani ukiuza kabla ya muda umekula hasara. Inategemea soko. Kuponi yako ni 15.49 mpaka mwisho, haibadiliki, kwa hiyo kinachopanda na kushuka ni bei. Mwaka 2022 Benki Kuu iliposhusha kuponi ya miaka 20 hadi 12.10, hatifungani za aina yako zilitafutwa sana. Chukua mfano: kama wanunuzi wa leo wanaridhika na faida ya asilimia 13, kila 100 yako itanunuliwa kwa karibu 116, yaani milioni 10 yako inakuwa kama 11.6. Wakitaka asilimia 17, watakupa karibu 92. Kwa hiyo usibishane na mumeo nyumbani kwa namba za kukisia. Piga simu kwa madalali wawili, uliza bei ya leo. Na ukiuza katikati ya vipindi vya kuponi, riba iliyokwisha kujikusanya ni yako, hakikisha imeingia kwenye malipo.

Lakini ujue unachokiachia. Riba ya hatifungani ndefu ya serikali haikatwi kodi, na mfumuko wa bei mwaka 2023 na 2024 ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4. Anayepata 15.49 hapo anakula faida ya kweli bila kuamka usiku. Mimi nisingeiuza.

Bajaji Tatu Igoma:
Ninazo tatu, mbili ziko kwa madereva wa hesabu na moja iko kwenye mkataba, yaani dereva analipa mpaka chombo kiwe chake. Niseme ninayoyaona.

Hesabu ya 20,000 ipo, shemeji hajadanganya. Ila mwezi ni siku 26, maana Jumapili wengi tunamwachia dereva. Hiyo ni 520,000. Toa matairi, oili, breki, bima, leseni ya usafirishaji ya LATRA, faini za barabarani, siku ambazo chombo kiko gereji, na siku ambazo dereva anakuletea 12,000 na maelezo marefu. Mwezi wa kawaida mimi nabaki na kama 350,000 kwa kila chombo.

Sasa hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Hiyo 350,000 si faida yote, ndani yake kuna mtaji wako unaokurudia kidogo kidogo. Bajaji mpya, ukiweka na usajili na bima, hesabu milioni 10. Miaka mitatu ya 350,000 ni milioni 12.6. Chombo hapo kimechoka. Ukipata mtu wa kukupa 4 mpe haraka. Jumla 16.6, toa 10 uliyoanza nayo, faida ni 6.6 kwa miaka mitatu, yaani milioni 2.2 kwa mwaka. Hatifungani yako inakupa 1,549,000 kwa mwaka na ile milioni 10 bado ipo palepale. Tofauti ni laki sita na nusu kwa mwaka, na kwa hiyo laki sita na nusu utapokea simu za ajali na za kituo cha polisi.

Swali langu ni moja tu, na jibu lake linabadilisha kila kitu: nani ataendesha?

Njia Fupi:
Dada usihangaike na bajaji wala serikali. Kuna kikundi tupo, unaweka fedha, kila mwezi unapata asilimia 30, mimi nimeshavuna mara mbili. Njoo pembeni nikuelekeze.

Mwalimu Nyakato:
Njia Fupi, tafadhali usimfanyie hivyo mtu mwenye shida. Waliokuwa watu wazima 2009 wanaikumbuka DECI, ule mchezo wa upatu. Watu walipanda mbegu, wa mwanzo wakavuna kweli, wakaleta ndugu na majirani, kisha serikali ikafunga na maelfu wakabaki na vitabu tu mkononi. Aliyevuna mara mbili amelipwa na fedha ya aliyeingia baada yake. Hakuna biashara halali inayolipa asilimia 30 kila mwezi. Dada, usiende pembeni na mtu yeyote.

Na kwa usalama wako, usiweke tena humu kiasi ulicho nacho. Wapo wanaosoma bila kuandika.

Shangazi wa Bukoba:
Mwanangu, namba wamekupa wenye namba. Mimi nina neno kuhusu lile alilokuambia mumeo, kwamba unaiamini serikali kuliko yeye.

Mwanamume aliyeendesha fuso miaka tisa, akalisha nyumba, akipewa barua siku moja, hasikii kwamba kampuni imepunguza watu. Anasikia kwamba yeye amepunguzwa. Hiyo bajaji anayoitaka ni kazi, anataka pa kwenda saa kumi na moja alfajiri. Ukimjibu kwa asilimia 15.49 atasikia kwamba umempima na kuponi ukamwona hafai. Mwambie kwanza kwamba ni kweli anahitaji chombo cha kazi na mtakitafuta pamoja. Halafu mweleze kwamba fedha ile ni ya baba yako na imekuwa ada ya watoto wake. Mpe hata taarifa ya akaunti aione mwenyewe. Kama hajawahi kuiona, kwake hatifungani ni maneno tu.

Karani wa Madai:
Nimesoma uzi wote na nashangaa hakuna aliyeuliza hili. Dada, mume wako amelipwa nini na hiyo kampuni?

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mtu anayepunguzwa ana haki ya notisi au malipo badala ya notisi, siku za likizo ambazo hakuchukua, mshahara wa siku alizofanya kazi, na kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka 10. Yeye ana 9, hizo ni siku 63.

La pili, kama kampuni ilikuwa inapeleka michango NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Amepunguzwa, kwa hiyo aulize mara moja.

La tatu ndilo la haraka. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine ni ndani ya siku 60. Umesema hii ni wiki ya tatu. Tarehe ya barua ni ipi?

Bint Sengerema:
Karani, nimesoma hii nikaenda kuitafuta barua kabatini. Siku 30 zinaisha wiki ijayo. Hajalipwa chochote zaidi ya mshahara wa mwezi wa mwisho. Ofisini wamemwambia asubiri wamalizie taratibu, naye amesubiri. Mshahara wa msingi ulikuwa 520,000. NSSF walikuwa wanamkata, kama ilikuwa inafika huko sijui.

Bajaji Tatu, lile swali lako nimemuuliza wakati wa chakula. Amesema ataendesha mwenyewe, na hakuwahi kufikiria kumpa mtu. Mimi muda wote nilidhani anataka kuwa tajiri wa hesabu. Shangazi, Mungu akubariki, nimefanya ulivyosema na tumeongea mpaka usiku.

Karani wa Madai:
Basi tupige hesabu ya haraka. 520,000 kwa siku 26 za kazi ni 20,000 kwa siku. Siku 63 ni 1,260,000. Fao la NSSF, theluthi ya 520,000 ni kama 173,000 kwa mwezi, kwa miezi 6 ni milioni moja na kidogo. Hapo tuna zaidi ya milioni 2.2 bado hatujagusa notisi na likizo. Fedha hiyo ni yake, ya jasho lake.

Asisubiri ofisi imalize taratibu. Aende CMA Mwanza kabla siku hazijaisha, ajaze fomu ya malalamiko. Kujaza fomu hakumzuii kuelewana na mwajiri. Mashauri mengi yanamalizwa kwenye usuluhishi. Na NSSF aombe taarifa ya michango yake. Kama kuna miezi mwajiri hakupeleka, hilo nalo aliseme hukohuko.

Bajaji Tatu Igoma:
Kama anaendesha mwenyewe, nafuta nusu ya niliyoandika. Hesabu inabaki nyumbani, na juu yake kuna ile anayobaki nayo dereva baada ya mafuta, ambayo kwa mtu anayejituma ni 15,000 hadi 20,000 kwa siku. Na chombo kinachoendeshwa na mwenyewe kinadumu, kwa sababu anasikia injini ikianza kulalamika. Dereva wa miaka 9 wa fuso atakitunza.

Ila asianze na mpya ya milioni 10. Iliyotumika vizuri inapatikana kwa kama 5. Aende na fundi wake, aangalie kadi ina jina la nani, aangalie kama ina deni la faini. Na leseni yake ya fuso haimtoshi, akaongeze daraja la magurudumu matatu kabla hajaingia barabarani.

Kuponi Mkononi:
Na hapo ndipo hatifungani inapofanya kazi bila kuuzwa. Zipo benki zinazokopesha kwa dhamana ya hatifungani. Inabaki kwa jina lako, kuponi zinaendelea kuingia, ila huwezi kuiuza mpaka deni liishe. Mkopo wa milioni 5 kwa miaka 2, tuseme riba ya asilimia 16 kwa salio linalopungua, rejesho ni kama 245,000 kwa mwezi. Kwa siku 26 hiyo ni kama 9,400 kwa siku, chini ya nusu ya hesabu. Riba yote mpaka mwisho ni karibu laki tisa. Uliza benki mbili au tatu, na uulize ada ya kuandaa mkopo na bima yake, maana huko ndiko wanakojificha.

Lakini kwanza zile haki zake. Zikiingia milioni 2 na zaidi, mkopo unapungua kuwa wa milioni 3 au chini. Ule mfuko wa Ukwasi usiuguse, chombo kikilala gereji wiki mbili ndio utakaowalisha. Na tafadhali msikimbilie mikopo ya kausha damu wala ya kwenye simu. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ndefu ya programu za mikopo zisizo na leseni, na wanaoziendesha ndio wale wanaosambaza majina ya wadaiwa kwa marafiki zao.

Bint Sengerema:
Nimemsomea yote. Jumatatu tunaanza CMA, mchana NSSF, nimeomba kubadilishiwa zamu niende naye. Hatifungani inabaki. Karani, abebe nini?

Karani wa Madai:
Barua ya kupunguzwa, mkataba wa kazi kama anao, hati za mshahara hata za zamani, kitambulisho cha NIDA, namba ya uanachama ya NSSF. Nakala mbili mbili. Kama mkataba hana, hati za mshahara na taarifa ya benki zinatosha kuonyesha alikuwa mwajiriwa. Na wakimwita ofisini kabla ya Jumatatu, asisaini karatasi yoyote inayosema amelipwa haki zake zote kabla fedha haijaonekana kwenye akaunti.

Bajaji Tatu Igoma:
Na leseni ikishakamilika, aje Igoma. Moja ya zangu dereva wake anakwenda msibani Geita mwezi ujao. Shemeji aichukue hizo siku, hesabu sitamdai, aweke mafuta tu. Aijue biashara na vituo vyake kabla hamjatoa shilingi.

Bint Sengerema:
Kaka, amesema atakuja, na amesema hesabu atakulipa.