Kujifungua bila dawa ya maumivu au sindano ya mgongo? Naomba mawazo kabla ya Alhamisi

KijachoChetu
Habari zenu wapendwa. Alhamisi nina kliniki na nimepewa fomu ya mpango wa kujifungua, kuna sehemu inauliza nataka nini kuhusu maumivu, hapo ndo nimekwama wiki nzima. Naona njia ni tatu, nisitumie kitu chochote, nitumie ile gesi ya kuvuta, au nichomwe epidurali, ndo hiyo sindano ya ganzi ya mgongoni. Dada yangu kazaa wawili bila hata kidonge na anasema hajutii, ule muda mtoto anatoka aliusikia wote. Rafiki yangu yeye anasema leba harudi tena bila sindano ya mgongo. Mimi uchungu nauogopa na sindano naiogopa, yani nikilala naota vyote viwili. Mliopitia niambieni ukweli, ipi bora?

mkunga_miaka18
Karibu mama. Swali zuri ila umetunyima mambo ya msingi. Mimba ya ngapi hii? Wiki ngapi? Presha ikoje? Uchungu unausubiri uanze wenyewe au wamesema watauanzisha? Kuna dawa yoyote unatumia? Pleteleti, zile chembe za kugandisha damu, zimepimwa? Mtoto kalalaje? Bila hayo kila mtu hapa atakujibu kwa mwili wake yeye, na mwili wako ni mwingine.

MamaWatatu
Mdogo wangu mimi wote watatu nimezaa bila dawa na ningepata wa nne ningefanya vilevile. Uchungu ni mkali, sikudanganyi, ila haukai muda wote. Unapanda, unafika juu, unashuka, karibu dakika moja hivi, halafu unaachiwa upumue. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi, nikifika ya tano najua nimeshavuka kilele. Kosa nililofanya kwa wa kwanza ni kulala chali kitandani kama mgonjwa, wa pili na wa tatu nimetembea, nimepiga magoti nimeegemea kitanda, maji ya moto kiunoni, mtu ananikandamiza mgongo kwa viganja kila uchungu ukija. Tofauti niliiona kubwa. Baada ya saa moja niko bafuni naoga mwenyewe. Mwili unajua kazi yake ukiuacha.

Chausiku77
Mimi ni timu epidurali na sioni aibu kusema. Jino tu likitaka kung'olewa unapigwa ganzi na hamna anayekuuliza mbona hukuvumilia, ikija kwenye kuzaa ndo tunaanza kupeana medali. Nilifika mlango wa uzazi umefunguka sentimita 5 nalia, wakanikalisha nimeinama kidevu kifuani, wakapaka dawa ya baridi, wakapiga ganzi kwenye ngozi kwanza, halafu ile sindano yenyewe nikaisikia kama msukumo tu, wakapitisha kamrija kembamba sindano wakaitoa. Dakika ishirini nikawa natabasamu. Nililala saa tatu nzima, nikaamka niko sentimita 10 nikasukuma kwa nguvu mpya. Miguu ilikuwa mizito, na mkojo nilitolewa kwa mpira, basi. Mwanangu nilimpokea akili ikiwa imetulia.

nyotayaasubuhi
Nimesoma nikaona niandike yangu yote, samahanini ni ndefu. Mimi ndo nilikuwa mtu wa kuapa, niliandika kwenye fomu kama yako BILA DAWA kwa herufi kubwa, nikaambia kila mtu. Chupa ikapasuka usiku, uchungu haukuja, kesho yake wakaniwekea dripu ya kuanzisha. Jamani uchungu wa dripu haukuanza polepole kama nilivyosoma, ulikuja umeshikana, mmoja haujaisha mwingine umefika. Na mtoto alikuwa kageuza kisogo chake upande wa mgongo wangu, maumivu yote yakawa kiunoni kama mtu anapasua mfupa. Baada ya saa sita niko sentimita 4 ileile. Nesi mmoja aliniuliza kama nataka kitu, nikakataa, kwa sababu nilishasema. Nakumbuka nilikataa mara tatu na mara zote nilitamani kukubali.

Saa ya kumi na nne nikaomba epidurali huku nalia. Daktari wa usingizi alikuwa mmoja, yuko chumba cha upasuaji na dharura ya mtu mwingine. Nikasubiri saa mbili. Alipofika niko sentimita 9, kutulia siwezi, kila akitaka kuchoma uchungu unakuja natikisika, na sindano ikaenda mbali kuliko inavyotakiwa, ikatoboa ule utando wa ndani. Mtoto alitoka salama kwa vakuumu, kile kikombe cha kumvuta kichwani, namshukuru Mungu. Ila kesho yake nikikaa kichwa kinapasuka, nikilala kinaacha. Siku tatu nanyonyesha nimelala, mwanga siuwezi. Ikabidi wanitoe damu mkononi waichome palepale mgongoni izibe tundu, na hapohapo kichwa kikaacha, kama mtu kazima taa.

Simlaumu daktari na sindano siilaumu. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuna aliyeniambia mapema kuwa ukiomba umechelewa kukaa tuli kunakuwa kugumu, na kwamba dripu inabadilisha hesabu yote. Na niliona aibu miezi mingi, kana kwamba nilifeli mtihani. Mwanangu ana afya na mimi nilikuwa nalia kwa ajili ya fomu.

Chausiku77
Pole sana mpendwa, nimeisoma mara mbili. Hukufeli chochote.

Baba_Pacha
Samahani naingia kama mwanaume. Mke wangu alichomwa hiyo sindano akijifungua pacha, huu mwaka wa nne analalamika mgongo. Mimi siishauri kabisa. Mgongo ndo mtu.

usingizi_na_ganzi
Baba_Pacha pole kwa mama watoto. Mimi nafanya kazi hii ya ganzi hivyo naomba kutofautiana na wewe kwa heshima. Pale alipochomwa panaweza kuuma siku kadhaa, hiyo ni kweli. Ila maumivu ya mgongo ya muda mrefu yamefuatiliwa sana, ukilinganisha waliochomwa na wasiochomwa idadi zinafanana. Mimba yenyewe inalegeza viungo na kuvuta mgongo, pacha ndo zaidi, halafu miaka miwili ya kubeba na kuinama.

Yenye ukweli ni haya. Presha inaweza kushuka, ndio maana mwanzoni tunaipima kila dakika chache. Muwasho. Wengine homa. Kama mmoja kati ya kumi haishiki vizuri au inashika upande mmoja, tunavuta mrija kidogo au tunarudia. Kichwa kama cha nyotayaasubuhi ni kama mmoja kati ya mia. Kusukuma kunaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Lakini kwamba inaongeza kuishia kisu, hapana, mapitio makubwa ya tafiti ya 2018 hayakuona hivyo. Kuvutwa kwa vakuumu kulionekana kuongezeka kwenye tafiti za zamani za dozi kali, zile za baada ya 2005 hazikuonyesha tofauti hiyo.

Baba_Pacha
Unasema mke wangu anadanganya?

usingizi_na_ganzi
Hapana kaka, maumivu yake ni ya kweli na yanastahili kutibiwa. Nachosema ni kwamba mkiamua chanzo ni sindano mtaacha kutafuta chanzo chenyewe. Mpeleke aangaliwe mgongo, miaka minne ni mingi.

Baba_Pacha
Sawa. Hilo nitalifanya. Ila mimi kwenye sindano bado sijabadilika.

binti_wa_bahari
Mbona gesi mnairuka? Mi ndo nilitumia na naipenda. Nusu oksijeni nusu ile naitrasi oksaidi, unashika mwenyewe, unavuta ukisikia uchungu ndo unaanza, usisubiri ufike juu maana inachukua kama sekunde ishirini kushika. Uchungu unakuwepo lakini unakuwa kama uko chumba cha pili. Ukiacha kuvuta ndani ya dakika chache imeisha mwilini, miguu yako ipo unatembea. Kichefuchefu nilipata kidogo na kichwa kuwa chepesi. Ukiichoka unaiweka chini, hakuna wa kumuomba ruhusa.

MamaWatatu
Na pethidini, ile sindano ya maumivu, mbona hamsemi, mdogo wangu mwingine alichomwa ya paja akasinzia hadi akasahau alichozaa.

mkunga_miaka18
Pethidini ipo. Inashika baada ya dakika ishirini hadi nusu saa, inakaa saa mbili hadi nne, inalegeza kuliko inavyoondoa maumivu. Tatizo lake ni muda. Ikichomwa karibu na kujifungua mtoto anaweza kutoka kasinzia, kupumua kukawa kwa kusuasua na kunyonya kukachelewa. Ndo maana tunapima njia kwanza. Mleta mada bado nasubiri majibu yangu.

KijachoChetu
Nimerudi jamani, asanteni sana, nyotayaasubuhi umeniliza. Majibu ya mkunga: mimba ya kwanza, wiki 35, presha nzuri, mtoto kichwa kiko chini. Wamesema wataanzisha uchungu wiki ya 39. Dawa ninayotumia ni vidonge vya kuongeza damu na zile sindano za tumboni za kuzuia damu isigande, najichoma kila siku tangu miezi mitano, nilipata bonge la damu mguuni.

mkunga_miaka18
Mama! Hilo ndo lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza.

Chausiku77
Duh. Mimi nilikuwa nakushawishi kwa moyo wote kumbe.

usingizi_na_ganzi
KijachoChetu nisikilize vizuri na usiogope. Ukichomwa epidurali dawa hiyo ikiwa bado inafanya kazi, damu inaweza kuvujia karibu na uti wa mgongo ikabana mishipa ya fahamu ya miguu. Ni nadra lakini hatuchezi nayo. Kwa hiyo tunahesabu saa. Dozi ndogo ya kinga, tunasubiri angalau saa 12 tangu sindano ya mwisho. Dozi kubwa ya matibabu, angalau saa 24. Kwa bonge lililotokea mimba hii mara nyingi ni ile kubwa, ila sijui yako, angalia kadi yako imeandikwa miligramu ngapi na mara ngapi kwa siku.

Kuanzishiwa uchungu kwa upande huu kunakusaidia, kwa sababu siku inajulikana na wanaweza kukupangia sindano ya mwisho iwe lini. Uchungu ukija wenyewe usiku umetoka kujichoma, epidurali unaweza kuikosa, na ikitokea upasuaji wa haraka wakakulaza usingizi kamili. Omba kuonana na daktari wa usingizi KABLA, usisubiri leba. Na usiache hizo sindano kwa kusoma humu, nakuomba.

mkunga_miaka18
Naongezea, hata pethidini ya kwenye msuli waulize, mtu wa dozi kubwa huwa tunakwepa kumchoma msuli. Gesi haina shida na damu yako. Maji ya moto, kukandwa, kubadilisha mikao, yote ruksa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 umeyataja pamoja na epidurali kwa anayeitaka. Kwa hiyo jifunze njia za MamaWatatu hata kama moyo wako uko kwa Chausiku, kwa sababu yanaweza ndo yakawa yamebaki.

MamaWatatu
Unaona sasa. Mwisho wa yote mwili ndo unabaki.

Chausiku77
Dada hapo ndo tunapokosana. Dripu umesahau? Wewe uchungu wako ulianza wenyewe mara zote tatu. Huyu ataanzishiwa, ni uzazi wa kwanza, na ana bonge la damu. Usimbebeshe deni la kuvumilia. Haya maneno ni ya zamani mno, Malkia Victoria wa Uingereza alivutishwa klorofomu mwaka 1853 akijifungua Leopold, dokta John Snow ndo alikuwa pembeni, na kuna waliolaumu kwamba maumivu ya uzazi hayafai kuondolewa. Alikuwa mtoto wake wa nane, alijua anachoomba.

MamaWatatu
Simbebeshi deni. Kaniuliza nilipitaje nikamwambia nilipita hivi. Mbona wewe ukisifia sindano ni ushauri, mimi nikisifia pumzi ni kubebesha deni?

Chausiku77
Hiyo ni kweli, samahani dada.

binti_wa_bahari
Swali la pembeni, mliingia leba na nani? Mimi niliingia na mume akazimia wakati wa kushonwa wakaanza kumhudumia yeye.

Baba_Pacha
Mimi niliingia nikakaa mpaka mwisho, nilikandamiza kiuno mpaka mikono ikafa ganzi. Mwanaume afundishwe kabla tu, ukimuita bila maelezo anasimama kama nguzo.

nyotayaasubuhi
Mimi niliingia na mama yangu, na naona ndo alinifanya nikatae dawa mara tatu, hakusema neno ila nilikuwa namuangalia usoni. Ukichagua mtu chagua anayeweza kukusikia ukibadilisha mawazo.

KijachoChetu
Nimeangalia kadi, ni mara mbili kwa siku, nadhani ni ile kubwa. Nimepiga simu wamesema Alhamisi nitaonana na daktari wa usingizi pia. Kwenye fomu nimeandika gesi kwanza, epidurali kama saa zitaruhusu, ila kwa penseli. Mume wangu anataka kuingia, dada yangu naye anataka, na dada ndo yule wa bila kidonge. Sijui nimwambieje.

MamaWatatu
Mwambie ukweli, ni dada yako huyo.

mgeni_leo
Hodi wapendwa, mimi wa kwanza nilijifungua kwa kisu, sasa nataka kujaribu kawaida, epidurali naruhusiwa au kovu litaachia nisisikie?

mkunga_miaka18
Kovu peke yake halikuzuii epidurali, lakini utahitaji monita ya mtoto muda wote. Fungua uzi wako, uweke sababu ya kisu cha kwanza na miaka iliyopita tangu hapo, tuje huko tusimchanganye KijachoChetu.