Je, Mark Howe alibebwa na jina la baba yake?

Mkaazi wa Alberta aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu nyingi. Huu ni mwaka wangu wa saba hapa Alberta, Kanada, na kijana wangu wa miaka 11 anacheza hoki ya barafu, mchezo ambao mimi niliuona kwa mara ya kwanza nikiwa tayari mtu mzima. Juzi, tulipokuwa tumekaa na wazazi wenzangu tukitetemeka kwa baridi, mzee mmoja aliniambia kwamba katika hoki mtoto ambaye baba yake hakucheza hafiki mbali. Alinitajia ndugu sita wa ukoo wa Sutter, waliotoka mji mdogo wa Viking humu humu Alberta na wote wakacheza NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, kisha akasema kwamba mchezaji Mark Howe asingejulikana kama asingekuwa mtoto wa Gordie Howe, nyota wa zamani wa timu ya Detroit Red Wings.

Sisi tumelelewa na msemo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, kwa hiyo sikuwa na la kumjibu. Ningependa anayeifahamu vizuri safari ya Mark Howe anieleze: alifika alikofika kwa uwezo wake, au alishikwa mkono?

Gongo la Kale alijibu:

Mleta mada, nitaanza kwa kumpa mzee wako haki yake, kwa sababu mlango wa kwanza wa Mark ulifunguliwa kweli na baba. Mwaka 1973 NHL ilikuwa haichukui vijana walio chini ya miaka 20, na Mark alikuwa na miaka 18. Ligi pinzani ya WHA ilikuwa changa na ilihitaji majina, na kocha wa timu yake ya Houston Aeros, Bill Dineen, alikuwa amecheza pamoja na Gordie huko Detroit. Alipokuja kuwataka Mark na kaka yake Marty, Gordie, ambaye alikuwa amestaafu mwaka 1971 na kupewa kazi ya ofisini isiyokuwa na kazi ndani yake, aliuliza kama wangependa kuwachukua Howe watatu badala ya wawili. Akafanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono, akavaa tena viatu vya barafu akiwa na miaka 45.

Sasa hapo naomba tusome kwa makini nani alimbeba nani. Kijana ambaye Dineen alimfuata hakuwa mtoto wa mkubwa tu. Akiwa na miaka 16 alikuwa kwenye timu ya Marekani iliyopata medali ya fedha katika Olimpiki ya Sapporo mwaka 1972, na mwaka uliofuata alitwaa Kombe la Memorial, taji kubwa la vijana nchini Kanada, akiwa na Toronto Marlboros. Katika msimu wake wa kwanza Houston alifunga mabao 38 na kutoa pasi 41 za mabao, akachaguliwa mchezaji chipukizi bora wa WHA, huku baba akichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Aeros walichukua ubingwa mwaka 1974 na wakaurudia mwaka 1975. Mimi huwaambia watu kwamba bila vijana wake, Gordie angebaki kwenye ile ofisi akisubiri saa ya kwenda nyumbani.

Msisahau pia mama. Colleen Howe ndiye aliyeshika mikataba na biashara za familia, wakati ambapo wachezaji wengi walikuwa wakitia saini walichowekewa mezani. Kama kuna urithi katika nyumba ile ambao mtoto wa familia nyingine asingeupata, mimi nauona kwa mama kuliko kwa baba: wanawe waliingia kazini wakiwa na mtu anayejua thamani yao.

Bi Theluji alijibu:

Nakubaliana na ndugu yangu hapo juu, ila naomba nilete mfano mwingine unaoupinga usemi wa yule mzee. Bobby Hull alifunga mabao 610 katika NHL, na mwanawe Brett akafunga 741, yakiwemo 86 katika msimu mmoja wa 1990–91. Ukisikia hivyo utadhani baba alisimama pembeni ya barafu kila asubuhi akimfundisha. Lakini wazazi waliachana, na Brett akakulia kwa mama yake Vancouver. Ilipofika siku ya uteuzi wa mwaka 1984, ambapo timu za NHL hupokezana kuchagua vijana wapya, timu zilichagua vijana 116 kabla ya kumfikia yeye. Kama jina la baba lingekuwa tiketi, Brett asingeachwa kwenye foleni ndefu namna ile.

Kuhusu ndugu wa Sutter, sioni kama ni hoja ya jina hata kidogo. Baba yao alikuwa mkulima.

Mkaazi wa Alberta alijibu:

Nashukuru sana, Gongo la Kale na Bi Theluji. Hilo la Brett Hull nitampelekea mzee Jumamosi. Hata hivyo bado nina swali. Nimesoma kwamba baba na wanawe walicheza pamoja hata ndani ya NHL. Je, Mark aliwahi kusimama peke yake, mahali ambapo Gordie hayupo?

Mlinzi Namba Mbili alijibu:

Hapo ndipo habari yenyewe ilipo, na ndiyo maana nimejipa jina hili.

Familia ilihama Houston mwaka 1977 ikaenda New England Whalers, na WHA ilipokufa mwaka 1979 timu hiyo ikapokelewa NHL kwa jina la Hartford Whalers. Gordie, akiwa na miaka 51, alicheza mechi zote 80 za msimu huo na kufunga mabao 15, na mwezi Machi 1980 baba na wanawe wawili walipangwa pamoja uwanjani katika mechi ya NHL. Ni picha nzuri sana, lakini kwa Mark nadhani ilikuwa pia mzigo, maana kila alichofanya kilisimuliwa kama sehemu ya hadithi ya baba. Gordie alistaafu kabisa mwaka huo huo.

Tarehe 27 Desemba 1980, katika msimu wa kwanza bila baba, Mark aliteleza hadi ndani ya goli katika mechi dhidi ya New York Islanders. Enzi hizo sehemu ya chini ya goli ilikuwa na bamba la chuma lililochongoka katikati, na goli lilipoinuka chuma kile kilimchoma kwa nyuma, kwenye makalio, kikaingia ndani sana. Alipoteza damu nyingi, akadhoofika, na ligi baadaye ikaliondoa bamba hilo. Kila kijana anayeteleza hadi golini leo, akiwemo wako, amekingwa kwa sehemu fulani na jeraha la Mark Howe.

Aliporudi hakuwa yule wa zamani, na mwezi Agosti 1982 Hartford wakamuuza kwa Philadelphia Flyers. Huko ndiko alikosimama peke yake. Alikuwa ameanza maisha kama winga wa kushoto, kazi ya kufunga, na Hartford ndiko alikohamishiwa nyuma kuwa beki. Lakini Philadelphia walimpa nafasi hiyo moja kwa moja, akawa miongoni mwa mabeki bora wa muongo ule. Hapa simuoni Gordie kabisa, kwa sababu Gordie alikuwa winga wa kulia aliyetawala kwa nguvu na viwiko vya kuogopwa, ilhali Mark alitawala kwa kusoma mchezo na kwa miguu myepesi. Katika msimu wa 1985–86, akicheza sambamba na Brad McCrimmon, alifunga mabao 24 na kutoa pasi 58, na mabao 7 kati ya hayo aliyafunga timu yake ikiwa pungufu uwanjani kwa sababu ya adhabu, jambo ambalo beki hatarajiwi kulifanya hata mara mbili.

Mara tatu alikuwa wa pili katika kura za tuzo ya Norris ya beki bora, nyuma ya Rod Langway mwaka 1983, Paul Coffey mwaka 1986 na Ray Bourque mwaka 1987. Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, nalo lilimkwepa: alifika fainali mwaka 1985 na 1987 akafungwa na Edmonton Oilers mara zote mbili, kisha akafungwa tena mwaka 1995 na New Jersey Devils, akiwa amerudi Detroit, mji aliozaliwa. Hapo akastaafu, na Red Wings wakampa kazi ya kusaka vipaji. Jina la Howe lilikuwa zito Detroit kuliko mahali popote duniani, na halikumpa kombe.

Gongo la Kale alijibu:

Umesema vizuri. Nami niongeze moja tu, kwa kuwa linaonyesha kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kulikimbia jina. Namba aliyoivaa Flyers ilikuwa 2, nao wakaistaafisha mwaka 2012, yaani mchezaji mwingine wa timu hiyo haivai tena. Lakini mwaka mmoja kabla, alipoingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki, alieleza kwamba baba yake alikuwa na ombi moja, kumwona walau mara moja amevaa jezi namba 9 ya Red Wings, namba ya Gordie mwenyewe. Akaitoa pale pale jukwaani akaivaa, Gordie akiwa ameketi mbele yake.