Je, jaji anaweza kutoa kifungo badala ya kunyongwa?

Mkazi wa Newala: Ndugu zangu, juzi nilihudhuria hukumu Mahakama Kuu, Mtwara. Kijana wa kijijini kwetu, aliyemkata jirani yake kwa panga wakigombania mpaka wa shamba la mikorosho, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia. Wakili wake alieleza kwamba ni kosa la kwanza na kwamba ana watoto wadogo. Jaji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema sheria haimpi njia nyingine isipokuwa kunyongwa hadi kufa. Mama wa kijana alikuwa amepakata mfuko wa nguo safi za mwanawe. Je, kweli jaji hana hiari?

Wakili, Lindi: Mpe pole mama huyo. Ni kweli, Kanuni ya Adhabu haimwachii jaji hiari, ila kwa mjamzito, ambaye hupewa kifungo cha maisha, na kwa aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18. Ndiyo maana mvutano wote huwa juu ya dhamira ovu, yaani nia ya kuua au kuumiza vibaya, ambayo mahakama huipima kwa silaha iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi na nguvu ya mapigo, maneno ya mshtakiwa na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Panga moja la mguuni si sawa na mapanga matatu ya shingoni. Ikithibitika kwamba alichokozwa, akaua hasira yake ikiwa haijapoa, kosa hushuka kuwa kuua bila kukusudia, na hapo ndipo habari za watoto hupata uzito.

Mfiwa, Nachingwea: Kaka yangu aliuawa, na bado nasema jaji apewe nafasi ya kupima. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri dhidi ya nchi yetu, Tanzania, kwamba kulazimisha adhabu ya kifo kunakiuka haki ya uhai. Uganda iliondoa ulazima huo mwaka 2009, Kenya 2017.

Mkazi wa Newala: Ahsanteni. Sasa mama huyo afanye nini?

Wakili, Lindi: Kijana atoe notisi ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani ndani ya siku 30 tangu hukumu, akiwa gerezani huitoa kupitia mkuu wa gereza. Mama amuulize mwanawe wiki hii kama ameshaisaini.